Heshima Inatoka kwa Nani? Maisha ya Laurean Kardinali Rugambwa



Vijana wenzangu, kabla sijamleta kwenu mtu ninayetaka tumtazame leo, naomba niungame jambo dogo. Mwaka jana nilihitimu shahada ya falsafa. Siku ya mahafali nilivaa joho, nikapiga picha, nikaiweka kwenye status ya WhatsApp na maneno mafupi kwamba Mungu ameniheshimisha. Si unajua tunavyoandika siku hizi. Ukipata kazi, Mungu amekuheshimisha. Ukioa, ukinunua pikipiki, ukifaulu mtihani, ni hivyo hivyo. Pongezi zilimiminika mpaka simu ikazima.

Baada ya hapo nikatumwa Kibiti kwa mwaka wa uchungaji. Kwa wasiopafahamu, Kibiti ni wilaya ya mkoa wa Pwani, kusini ya Dar es Salaam, na upande wake wa mashariki ndiko Mto Rufiji unakogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Huko kwenye delta ni mikoko, mitumbwi, kamba, samaki na mashamba ya mpunga. Wakatoliki ni wachache. Ndugu zetu Waislamu ndio wengi, na tunaishi nao vizuri. Katika kigango nilichopangiwa, Jumapili ya kwanza nilihesabu watu kumi na wanne, pamoja na mimi na katekista. Kwa kweli moyoni nilijiuliza kama miaka yote ile ya kumsoma Aristotle na Mtakatifu Thomaso ilikuwa kwa ajili ya watu kumi na wanne. Nisameheni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, kigangoni pale kuna kijana mmoja wa umri wangu. Sitamtaja jina. Hakufanya vizuri kidato cha nne, akarudi kulima. Mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, yalisomba mpunga wake wote ukiwa shambani. Alikuwa amekopa ili alime. Jioni moja tunarudi kutoka jumuiya, akaniambia kwamba aliiona ile picha yangu ya joho na yale maneno niliyoandika. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, bila hasira, kama Mungu ndiye aliyeniheshimisha mimi, je, ni yeye pia aliyemwaibisha yeye?

Nikamjibu haraka haraka kwamba asubiri, wakati wa Mungu ni bora. Akanyamaza. Nikajua kabisa kwamba nimempa jibu la bure, jibu ambalo halikunigharimu chochote.

Swali lile halikuniacha. Na lililonisaidia kulitafakari ni maisha ya mtu aliyepata heshima kubwa kuliko Mkatoliki yeyote wa Afrika ya wakati wake, naye ni Laurean Kardinali Rugambwa. Watu wa Kibiti tuna deni la pekee la kumfahamu, maana ndiye aliyekuwa mchungaji wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 23, na sisi tumo humo.

Tahadhari kidogo kwanza, maana nimeona vijana wakichanganya. Simzungumzii Protase Kardinali Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora tuliye naye leo. Huyo atakuja kuingia kwenye hadithi hii baadaye, na utaona anavyoingia. Ninamzungumzia Laurean, yule wa kwanza.

Mtoto wa Kamachumu

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Kamachumu, katika nchi ya Wahaya magharibi ya Ziwa Viktoria. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Ukoo wake ulikuwa wenye hadhi, ukoo wa watu wanaopishwa njia. Kwa hiyo heshima ya kwanza aliyokuwa nayo aliikuta tu nyumbani, hakuifanyia kazi yoyote. Lakini angalia, hakuna anayemkumbuka leo kwa sababu ya ukoo.

Hakubatizwa mchanga kama wengi wetu. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefika Bukoba mwaka 1892 na kuanza misheni ya Kashozi. Yaani Laurean alipozaliwa, imani katika nchi ile ilikuwa na miaka 20 tu. Ilikuwa changa kuliko wewe unayesoma hapa. Alibatizwa mwaka 1921, akiwa na miaka minane. Hebu fikiri. Mtoto wa miaka minane, amekaa kwenye benchi la mafundisho pamoja na watoto wengine, katekista mbele yao. Hakuna aliyejua kwamba katika benchi lile kuna kardinali.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Ukisoma maisha ya mtu mkubwa ukianzia mwisho, unadhani kila kitu kilikuwa kimepangwa kionekane. Ukianzia mwanzo, unaona zawadi juu ya zawadi ambazo hakuziomba. Wamisionari waliovuka bahari bila kumjua. Makatekista ambao majina yao hayapo kwenye vitabu. Mapadre waliomfundisha kusoma. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho swali gumu sana kuhusu jambo hili, katika barua ya kwanza, sura ya nne. Aliwataka waonyeshe kitu hata kimoja walicho nacho ambacho hawakupewa na mwingine, na kama walipewa, kwa nini wanajivuna? Mimi na joho langu nilipaswa kulisoma swali hilo asubuhi ya mahafali.

Laurean alisoma seminari ndogo ya Rubya, kisha akavuka kwenda seminari kuu ya Katigondo nchini Uganda. Ilikuwa safari ya miaka mingi. Tarehe 12 Desemba 1943, dunia ikiwa katikati ya vita kuu ya pili, alipewa daraja ya upadre akiwa na miaka 31. Baada ya hapo akafanya kazi ya padre wa kawaida mpaka mwaka 1949. Mwaka huo akapelekwa Roma kusoma Sheria za Kanisa, akapata shahada ya udaktari.

Kofia nyekundu

Mambo yakaanza kwenda kasi. Desemba 1951, akiwa na miaka 39, aliteuliwa kuongoza vikarieti mpya ya Kagera ya Chini, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu Mkatoliki. Afrika Mashariki ilikuwa imeshampata Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, tangu mwaka 1939, lakini bado askofu mweusi lilikuwa jambo la kushangaza watu. Mwaka 1953 vikarieti ile ikawa jimbo, Jimbo la Rutabo. Lilikuwa jimbo dogo la vijijini, katikati ya migomba na mibuni. Ukiwauliza watu wa Ulaya wa wakati ule Rutabo iko wapi, wachache sana wangekujibu.

Na ni kwenye jimbo hilo dogo ambako Papa Yohane XXIII aliangalia. Tarehe 28 Machi 1960 alimfanya Laurean Rugambwa kuwa kardinali. Alikuwa na miaka 47. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu hizi. Siku hiyo hiyo Papa alimpa ukardinali Peter Tatsuo Doi, Mjapani wa kwanza, na Rufino Santos, Mfilipino wa kwanza.

Tusipite haraka hapa. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo kabla taifa letu halijawa na bendera yake, Mtanganyika alikuwa tayari amekaa miongoni mwa washauri wa Papa, na mwenye haki ya kumchagua Papa ajaye. Mwaka 1960 ndio mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Watu wetu walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba hawajakomaa kujitawala. Kofia ile nyekundu juu ya kichwa cha mtoto wa Kamachumu ilisema jambo bila kufungua mdomo. Heshima ile haikuwa yake peke yake, bara zima liliivaa.

Baadaye alialikwa nchi nyingi, na vyuo vikuu vya Marekani vilimpa shahada za heshima. Kwa lugha yetu ya mitandao, alikuwa ametrendi. Na hapa ndipo mtu anapopimwa.

Mtakatifu Thomaso na mizani ya heshima

Naomba mniruhusu falsafa kidogo, nisije nikaonekana nimekaa darasani bure. Aristotle alikwisha kuona kwamba heshima haiwezi kuwa lengo la juu la maisha, kwa sababu iko zaidi mikononi mwa wanaoitoa kuliko mikononi mwa anayeipokea. Wakiamua kukunyang'anya kesho, wanakunyang'anya. Status yangu ilidumu saa 24 tu, ikafutika.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino akaenda mbele zaidi. Katika Summa anafundisha kwamba heshima hutolewa kwa ajili ya ubora fulani alio nao mtu. Lakini ubora huo mtu hakujiumbia, ni kitu cha Mungu ndani yake. Kwa hiyo heshima inayostahili kwanza kabisa ni ya Mungu. Tena, Mungu humpa mtu ubora huo ili awafaidie wengine. Kutokana na hayo, Thomaso anaona njia tatu ambazo mtu anaweza kuharibikiwa na heshima. Ya kwanza, kutaka kuheshimiwa kwa ubora ambao huna. Ya pili, kuipokea heshima na kuiweka mfukoni mwako bila kumrudishia Mungu. Ya tatu, kuishia kwenye heshima yenyewe, ukafurahia kushangiliwa, na wengine wasipate faida yoyote.

Soma tena ile ya tatu polepole. Mimi ile ndiyo iliyonikamata. Mafanikio ni zawadi ya Mungu, ni kweli kabisa. Lakini zawadi hiyo imeandikwa jina la mtu mwingine kwenye bahasha, nawe ni mjumbe tu wa kuifikisha. Ukiifungua na kuila njiani, umeiba. Wazee wetu wanasema cheo ni dhamana, na Thomaso angewaunga mkono.

Sasa turudi kwa Kardinali, tumwone katika mizani hiyo.

Heshima iliyofanya kazi

Miezi mitatu baada ya kupewa ukardinali, Juni 1960, alikuwa Askofu wa Bukoba. Tarehe 11 Oktoba 1962 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ukafunguliwa. Maaskofu wa Afrika walikwenda Roma wakitoka nchi mbalimbali, lugha mbalimbali, wengine wakiwa wamisionari wa Kizungu na wengine Waafrika wachache. Wangeweza kupotea katika umati ule wa maaskofu zaidi ya 2,000. Badala yake waliunda sekretarieti yao ya pamoja ili Afrika isikike kwa sauti moja, na rais wake akawa Kardinali Rugambwa. Kofia ilipata kazi. Wale ambao peke yao wasingesikilizwa, walipata mtu wa kusimama mbele.

Juni 1963, Mtaguso ukiwa haujamalizika, Papa Yohane XXIII alifariki dunia. Rugambwa akaingia kwenye konklavu iliyomchagua Paulo VI. Aliingia tena mara mbili mwaka 1978, Agosti alipochaguliwa Yohane Paulo I, na Oktoba alipochaguliwa Yohane Paulo II. Na tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea, Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Wale walikuwa vijana, wengine wadogo kuliko mimi, ambao mfalme wao aliwaua kama wahalifu. Huko ni kuaibishwa hadharani. Leo wako kwenye altare za dunia nzima. Kardinali aliyesoma Katigondo, katika nchi ya mashahidi hao, alikuwa na somo hilo karibu naye siku zote. Kanisa linaloheshimu makardinali linawaheshimu zaidi waliochomwa moto.

Kisha ikaja tarehe 19 Desemba 1968. Kardinali aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Mtangulizi wake, Askofu Mkuu Edgar Maranta, alikuwa Mkapuchini kutoka Uswisi, aliyestaafu mwaka 1966. Kwa hiyo Rugambwa akawa Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho.

Kwa macho ya haraka unaona kapandishwa. Lakini tazama alichokiacha. Bukoba palikuwa nyumbani. Lugha yake, ukoo wake, parokia zilizojaa, miito mingi ya upadre na utawa. Huku Pwani akaja kuchunga jimbo ambalo Wakatoliki ni kundi dogo kati ya majirani Waislamu, jimbo linaloanzia mjini kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale ufukweni na kushuka mpaka huku kwetu kwenye matope ya Rufiji. Alikuwa na miaka 56. Watu wa umri huo wengi wanaanza kufikiria kurudi nyumbani kwao, yeye aliondoka.

Na nyakati hazikuwa rahisi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu mikononi mwa serikali. Shule ambazo Kanisa lilikuwa limezijenga kwa jasho la miaka, zikawa za taifa. Kwa hesabu ya mafanikio tunayoipenda sisi, hiyo ni hasara tupu: majengo yamekwenda, majina yamekwenda. Lakini watoto walibaki wanasoma, na wengi zaidi waliingia darasani, Wakristo na Waislamu pamoja. Kama shule ilijengwa ili watoto wa Mungu wasome, zawadi iliendelea kufika kwa mwenyewe, hata kama aliyeibeba hakushangiliwa tena.

Leo jina lake lipo kwenye shule ya sekondari ya wasichana ya Rugambwa, Bukoba, na kwenye hospitali ya Kardinali Rugambwa, Ukonga. Mimi napenda kwamba jina lake limebaki hapo. Binti anayefanya hesabu, mama anayejifungua. Hao ndio ambao zawadi ile ilikuwa na majina yao.

Kukaa pembeni

Nilisema nitamrudia yule Rugambwa mwingine. Machi 1960 Laurean alipewa ukardinali. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 31 Mei 1960, huko Bunena, Bukoba, alizaliwa mtoto aliyeitwa Protase. Miaka 30 ikapita. Septemba 1990, Papa Yohane Paulo II alikuja Tanzania, na mwenyeji wake Dar es Salaam alikuwa Kardinali Laurean, mzee wa miaka 78. Tarehe 2 Septemba, jijini humo, Papa aliwapa vijana daraja ya upadre, na mmoja wao alikuwa huyo Protase. Mwaka 2023 naye akawa kardinali. Ona jinsi Mungu anavyofanya kazi zake kimya kimya. Siku ile Kardinali mzee yupo pale, na mbele yake amelala kifudifudi sakafuni kijana ambaye siku moja atavaa kofia kama yake. Heshima inapita mikononi mwa mtu, inaendelea na safari.

Tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80, Kardinali Rugambwa alistaafu, na kiti akakichukua Askofu Mkuu Polycarp Pengo. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Tarehe kama hiyo, mwaka 1965, ndiyo Mtaguso ulipofungwa.

Mwili wake ulirudishwa Kagera, ukazikwa kwa muda Rutabo, mpaka Oktoba 2012 ulipohamishiwa kwenye Kanisa Kuu la Bukoba. Yaani kwa karibu miaka 15 kardinali wa kwanza mweusi wa Afrika wa nyakati zetu alilala kule kule Rutabo, kwenye jimbo lake la kwanza ambalo dunia haikulijua. Mtu aliyewachagua mapapa watatu alipumzika kijijini akisubiri. Hakupungukiwa na kitu.

Nilivyorudi kwa yule kijana

Sasa nirudi Kibiti, maana swali lilikuwa bado linanidai.

Nilimtafuta yule kijana. Kwanza nilimwomba radhi kwa jibu langu la juu juu. Kisha nikamwambia ninachokiamini sasa, na ninawaambia na ninyi. Hapana, Mungu hakumwaibisha. Mafuriko si hukumu juu ya mpunga wake, na sifuri kwenye cheti si maoni ya Mungu juu yake. Bwana wetu mwenyewe alikufa msalabani, kifo cha aibu kuliko vyote katika dola ya Warumi, na hapo ndipo Baba alipomtukuza. Ukisema kwamba kila aliyefanikiwa kapendwa na kila aliyeanguka kakataliwa, umemtupa nje Yesu Msulubiwa. Wapo wahubiri wanaofundisha hivyo kwa sauti kubwa na spika kubwa. Tusiwafuate.

Hapo hapo nikakumbuka jambo nililokuwa naliona kila wiki bila kuliona. Kuna bibi mmoja mgonjwa anaishi ndani kabisa kwenye visiwa vya delta. Barabara hakuna. Anayetuvusha kwa mtumbwi mimi na katekista kumpelekea Komunyo Takatifu ni kijana huyu huyu. Anajua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, anajua mkono upi wa mto umejaa mchanga, anajua tukichelewa tutalala kwenye mikoko. Mimi na shahada yangu sijui hata kushika pondo. Yesu wa Ekaristi anasafiri kwenye mtumbwi wake, na bila yeye bibi yule hapokei. Nilikuwa nimeenda kumfundisha mtu kuhusu heshima, kumbe alikuwa amebeba heshima kubwa kuliko ya joho langu, na alikuwa anaipeleka kwa mwenyewe bila kupiga picha.

Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema yeye anavusha tu. Deni lake bado analo, na sitaki kuwadanganya kwamba limeisha kimuujiza. Ila majirani walimchangia mbegu, Wakristo na Waislamu, na mpunga ameupanda tena. Jumapili aliyopanda alikuja kigangoni na miguu ina matope. Tulikuwa kumi na watano.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukifaulu, shukuru. Usione aibu kufurahi, zawadi ya Mungu hufurahiwa. Lakini ujiulize mambo haya matatu kabla ya kulala:

1. Je, ninachosifiwa ninacho kweli, au naigiza?
2. Je, nimemrudishia Mungu sifa yake, kwa maneno na kwa moyo?
3. Je, kuna mtu yeyote anayefaidika na mafanikio yangu, au yameishia kwangu?

Na kama hujafaulu, kama matokeo yametoka mabaya, kazi imegoma, mchumba kaondoka, shamba limezama, jiulize moja tu. Ni nani leo anayesubiri ng'ambo ya mto, ambaye bila mtumbwi wangu hafikiwi? Anza na huyo.

Tusali.

Ee Mungu, mwenye heshima yote, tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Laurean Kardinali Rugambwa, uliyemtoa kijijini na kumweka kati ya wakuu wa Kanisa lako. Umpe pumziko la milele. Utujalie sisi vijana kupokea mafanikio bila kiburi na kushindwa bila kukata tamaa, na kila ulichotupa kifike kwa wale uliowakusudia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nami mniombee, nisije nikala zawadi njiani.

Tumsifu Yesu Kristo.

Frateri wenu, Kibiti